Uzi: Pwani ya Tanga na Pangani kwa miguu, kwa sisi tuliozoea mlima

Mkaa Mlimani (Moshi)

Wakuu, salamu kutoka Moshi. Kila mara mtu wa Moshi au Arusha anapouliza humu pa kwenda kutembea ambapo si Marangu wala Materuni, jibu la haraka huwa ni Zanzibar, kana kwamba kati yetu na Zanzibar hakuna bahari nyingine. Mimi na wenzangu watatu, ambao kwa kawaida tunatumia Jumapili zetu kupanda na kushuka njia za Kibosho na Uru, tulikwenda Tanga na Pangani kwa siku nne kwa nia moja tu: kutembea kandokando ya bahari kwa miguu na kutafuta mahali pa juu pa kuitazama. Naandika niliyoyaona pamoja na kosa langu, kwa kuwa nadhani ni kosa ambalo mtu yeyote wa huku juu angelifanya.

Safari ya basi kutoka Moshi hadi Tanga ni takriban kilomita 350. Unapita Mwanga, Same, Hedaru na Mombo huku milima ya Upare, kisha ya Usambara, ikikusindikiza mkono wa kushoto, halafu Korogwe, na Segera ndipo unapoiacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kuelekea Muheza. Pwani huanza kujitangaza mapema: minazi inajipenyeza katikati ya mashamba ya mkonge, na shati linaanza kugandamana na mgongo.

Tanga mjini tulitembea Raskazone, ile rasi inayoikinga bandari. Nilitarajia mchanga, nikakuta mwamba. Ni jiwe la kijivu lenye ncha kali, ambalo ukiliinamia unaona kwamba lote ni matumbawe ya kale. Vile vijumba vidogo vidogo bado vimepangana mle ndani kama sega la nyuki lililogeuka jiwe. Bahari imelila kwa chini likabaki limejitokeza juu kama veranda, na mtu akisimama ukingoni anaiona ghuba yote pamoja na kisiwa cha Toten kikiwa kimefunikwa na miti. Hapo ndipo Waingereza walipoteremsha majeshi yao kutoka India mwezi Novemba 1914, wakapigwa vibaya mno, na nyuki nao wakawashambulia. Kwetu Moshi habari hiyo ina mguso wake, maana askari wa upande wa Wajerumani waliokuja kuokoa mji walishushwa kwa treni kutoka huku huku, kwa reli iliyokuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla.

Siku ya pili tuliteremka kusini kwa barabara ya Pangani, tukasimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mlinzi alituonyesha upande wa bahari ambako mikoko imeziba upeo. Mwaka 1498 mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda fungu la mchanga karibu na hapo, Mtangata, ikakaa juu yake hadi maji yaliporudi kuinyanyua. Mwaka uliofuata, wakirudi makwao na mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi, waliichoma moto huko huko. Nilisikiliza habari ya merikebu iliyopwelewa nikaiona ni historia tu. Ningeisikiliza vizuri, yaliyonipata keshokutwa yasingenipata.

Mji wa Pangani umekaa upande wa kaskazini wa mdomo wa mto, na ng'ambo ya pili kuna kijiji cha Bweni juu ya kilima. Tulivuka kwa pantoni pamoja na baiskeli, mbuzi wawili na pikipiki zilizobeba magunia. Kutoka gatini ni mwendo mfupi wa kupanda kati ya minazi na mikorosho, mwendo ambao mtu wa Kibosho hataona hata kama ni kupanda, lakini juu yake kuna mandhari ambayo sijapata kuiona mlimani. Mto unatoka chini yako ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, unaingia katika bahari ya kijani, na hauchanganyiki mara moja. Unaona mstari kabisa, kama ushonaji, ambapo maji ya aina moja yanagusana na ya aina nyingine, na mitumbwi inauvuka mstari huo huku na huko. Ng'ambo kuna Boma na majengo ya zamani yaliyojipanga ukingoni. Katika mji huo ndimo Abushiri bin Salim aliponyongwa na Wajerumani mwezi Desemba 1889, baada ya upinzani wa pwani alioanza kuuongoza mwaka uliotangulia. Tulikaa pale juu saa mbili nzima, na kama mtu ana siku moja tu huko, nashauri aitumie Bweni.

Sasa kosa lenyewe. Siku ya nne, ambayo ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu, tuliondoka mjini saa 3 asubuhi tukifuata ufuko kuelekea kaskazini, upande wa Mkoma. Maji yalikuwa yakienda mbali, na mchanga ulikuwa mpana na mgumu, unaotembeleka kuliko barabara nyingi za Moshi. Mahali fulani ufuko unapita chini ya genge la mwamba. Nakumbuka nilipapasa ukuta wake nikauona una mkanda mweusi wenye vigamba vya chaza vilivyoshikamana na jiwe, vingine vikiwa juu ya kichwa changu. Nilipiga picha. Sikujiuliza chaza wale walifikaje kule juu.

Tulikula, tukalala chini ya mivinje. Tukiwa tumejilaza pale, akina mama waliokuwa wakitafuta pweza mwambani kwa michokoo walipita wakirudi, nami nikamwamkia mmoja aliyekuwa mtu mzima. Aliitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, maji yanarudi." Nilitazama, nikaona bahari iko mbali kule, nikamshukuru, nikalala tena. Tuliamka saa 8 mchana. Tulipofika chini ya genge ilikuwa inakaribia saa 9, na ule ufuko mpana haukuwepo. Maji yalikuwa mapajani, kisha kiunoni, na kila wimbi lilikuwa likitusukuma kwenye lile jiwe lenye ncha. Viatu vyetu vya mlimani vilijaa maji vikawa vizito kama mawe. Kijana mmoja aliyekuwa juu akichunga mbuzi alitupigia kelele, akatuonyesha ufa wenye mizizi, tukapanda mmoja mmoja. Simu moja ilikufa, kiganja changu kilichanika, na mwenzetu mmoja hadi leo hataki kuzungumzia habari hizo.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kijana wa Njiro (Arusha)

Mkuu, pole sana, na hongera kwa simulizi. Hata hivyo niwe mkweli: uliyoyaeleza hayanivutii. Mwamba unaochana viganja, mikoko, maji ya rangi ya chai, na basi la siku nzima. Nikiwa na fedha za kwenda baharini mara moja kwa mwaka, nitakwenda palipo na mchanga mweupe. Hiyo pwani ya Tanga nimeipita mara moja kikazi, na nilichoona ni matope.

Bint Bweni (Moshi)

Ndugu Kijana wa Njiro, ulipita maji yakiwa yamekupwa, tena karibu na mikoko, ndiyo maana uliona matope. Ungepita saa sita baadaye, maji yakiwa yamejaa, ungeandika mengine.

Mimi ni mzaliwa wa Bweni, nimeolewa huku Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, na nimefurahi kuona kilima chetu kimetajwa. Mleta mada nakupa pole, lakini yule bibi hakuwa akikusalimia tu, alikuwa akikuambia uondoke. Kwetu mtu mzima hamwamrishi mgeni. Husema maji yanarudi, akaendelea na safari yake. Ukiona wachokoa pweza wanatoka mwambani, hiyo ndiyo kengele. Hakuna anayewajibika kukupigia nyingine.

Tena mlichagua siku mbaya bila kujua. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile unapoandama, maji huwa ya bamvua: hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu. Hayatoki mbali wala hayajai kupita kiasi. Wazee wetu hawakuhitaji jedwali. Walihesabu mwezi mwandamo: tarehe 1 na 15 na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu. Na siku za bamvua pwani yetu maji hukauka kabisa panapo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa panapo saa 10 au 11 jioni. Ndiyo kusema mlipokuwa chini ya genge saa 9 mlikuwa mnaingia katika saa ambazo hata mvuvi hapiti hapo.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi hapa Kilimanjaro, na nakiri kwamba somo la kupwa na kujaa kwa maji nililifundisha ubaoni miaka kadhaa kabla sijaiona bahari. Naomba niongeze juu ya maelezo mazuri ya Bint Bweni.

Mwezi ndio unaovuta zaidi, na jua husaidia. Vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mivuto yao hujumlishana, na hiyo ndiyo bamvua. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku mambo hayohayo huchelewa kwa karibu dakika 50. Mtu akiambiwa leo maji yamekupwa saa 4, asidhani kesho yatakuwa saa 4.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza baada ya kukauka, kupanda kwake ni kidogo mno, hata mtu huapa kwamba bahari imesimama. Hapo ndipo mleta mada aliporudi kulala. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio, na karibu nusu ya ujazo wote huingia katika saa hizo mbili. Katika pwani ya Tanga tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3, kwa hiyo ndani ya saa mbili hizo bahari hupanda zaidi ya mita moja na nusu. Piga hesabu wewe mwenyewe: yalikauka kama saa 5, mkafika gengeni saa 9.

Kuhusu mwamba wa Raskazone: hayo ni matumbawe yaliyoota chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Bahari ilishuka, yakabaki nchi kavu. Amboni, kaskazini ya mji, mapango yake ni ya chokaa iliyo kongwe zaidi kwa mbali sana, ya enzi za Jurasiki. Watu huyachanganya mawe hayo mawili.

Mama Soweto (Moshi)

Asanteni. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka sita, na mama mkwe ambaye magoti yamechoka. Je, katika hayo yote kuna mahali pa familia, au ni safari ya wanaume wanne na mizizi yao?

Bint Bweni

Dada yangu, nenda Ushongo. Ukivuka mto Pangani ukashika barabara ya kusini ni kama kilomita 15, unapita Kikokwe ambako miche ya kwanza ya mkonge nchini ilipandwa mwaka 1893. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote mliyoyaona kutoka Mombo hadi Tanga. Ushongo hakuna genge. Kuna mchanga mrefu, minazi, na wavuvi wanaovuta ngalawa zao jioni. Mama mkwe atakaa kivulini, watoto watakimbizana na kaa. Waogee maji yanapojaa, kwa sababu yakipwa itawabidi watembee mbali kuyafuata, na chini kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Kila mtoto awe na viatu vya plastiki. Hivi vya sokoni vinatosha.

Mambo mawili nisiyaache. Msiogee mtoni wala mdomoni mwa mto: mkondo una nguvu, na mamba wapo. Pili, Pangani ni mji wa watu wenye dini yao. Ukitoka ufukoni kuingia mitaani, jifunge kanga.

Mkaa Mlimani

Mwalimu, nimepiga hesabu, na ninaona aibu kuiandika hapa. Bint Bweni, nimerudia ile picha ya chaza niliyopiga asubuhi. Mstari wao uko juu ya kichwa changu kwa kiasi cha mkono mmoja, na mimi si mfupi. Sasa kila ninapoona genge, naanza kwa kutafuta mkanda mweusi unaishia wapi.

Kuhusu Maziwe, kile kisiwa kidogo kilicho baharini nje ya Pangani, sikueleza kwa sababu hatukwenda. Nahodha alikataa, akisema upepo wa siku ile haukuwa wa kuchezea. Aliyekwenda atueleze.

Mzee wa Mawenzi (Moshi)

Nilikwenda zamani, na mwanangu alikwenda juzi, tukakubaliana kwamba tulikwenda mahali pawili tofauti. Maziwe ni hifadhi ya bahari, na sifa yake ilikuwa kasa, ambao walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi chini ya mivinje. Mivinje hiyo iliisha mapema miaka ya 1980, bahari ikaumeza udongo, na kilichobaki leo ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yakipwa na kufunikwa bamvua ikijaa. Kasa bado wanakuja, maana wao hawakupewa taarifa, na mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo ili yasizame. Kijana wa Njiro anayetaka mchanga mweupe atapata hapo mweupe kuliko chumvi, ila asisahau kwamba ataukanyaga kwa saa chache tu.

Lakini hasa nimeingia kwa ajili ya ile rangi ya chai aliyoiona mleta mada kutoka Bweni. Hayo ni maji yetu. Kikuletwa inakusanya ya Meru na ya upande wa magharibi wa Kilimanjaro, Ruvu inakusanya ya upande wa mashariki, yanakutana Nyumba ya Mungu, kisha yanatembea zaidi ya kilomita 400 kupita Korogwe na Hale hadi pale chini ya kilima. Ninyi mlisafiri kwa basi siku nzima mkifuatana nayo bila kujua.

Bint Bweni

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli tupu, na mtaniwia radhi nikisema kwamba huku juu mnayatumia mengi kabla hayajatufikia. Mashamba ya umwagiliaji ni mengi, na mto ukipungua nguvu, bahari hupanda kuufuata ndani. Marehemu bibi yangu alikuwa na shamba la minazi kando ya mto, na katika utoto wangu tulikuwa tukichota maji hapo wakati fulani wa mwaka. Sasa ukiyaonja utayatema.

Mzee wa Mawenzi

Marahaba, mwanangu. Neno lako limefika. Mimi mwenyewe nina mfereji.

Kijana wa Njiro

Nimesoma uzi wote kwa mara ya pili, na nakubali nilihukumu matope haraka. Naomba kuuliza kama mtu anayetaka kwenda kweli: ni majira gani mazuri ya kutembea, na je, mtu aepuke bamvua kabisa?

Bint Bweni

Usiiepuke, ipange. Bamvua ndiyo inayokupa ufuko mpana asubuhi. Bila hiyo hutapita kwa miguu sehemu nyingi za chini ya magenge. Anza saa 2 asubuhi ukiyafuata maji yanavyotoka, na maji yakikauka tu, geuza, hata kama hujafika ulikokusudia. Saa 7 uwe umeshatoka kwenye mwamba. Mchana wa bamvua ndio wa kupanda Bweni kutazama, kwa sababu ule mstari wa mto na bahari nao husogea: maji yakijaa unasukumwa kuingia mtoni, yakipwa unatolewa nje hadi mbali.

Majira mazuri ni ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari. Kuna joto kali, lakini bahari imetulia na ngalawa zinakwenda Maziwe. Masika msijaribu, barabara za vumbi hazipitiki vizuri. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, hewa ni nzuri kwa kutembea ila upepo ni mkali, na nahodha akikataa, msimbembeleze wala msimwongezee fedha.

Mkaa Mlimani

Basi tumeamua kurudi, na safari hii tarehe imepangwa na Bint Bweni kwa kuhesabu mwezi, si na mimi kwa kuangalia likizo. Tutalala Pangani usiku wa mwezi kuandama, na kesho yake saa 2 tutakuwa ufukoni. Mama Soweto na watoto wataendelea moja kwa moja hadi Ushongo. Mwenzetu yule asiyetaka kuzungumza amesema atakuja kwa sharti kwamba atangulie yeye, na kwamba mimi nisilale. Viatu vya mlimani vibaki Moshi.

Kijana wa Njiro

Niwekeeni nafasi moja. Nitapandia Moshi.